Mchezo Usio na Jukwaa: Tamthilia ya Kiswahili kati ya Nakivale na Mbarara

Tunapofundisha historia ya tamthilia ya Kiswahili huwa tunaanza na vitabu. Tunamtaja Graham Hyslop, ambaye Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu zake zilichapishwa mwaka 1957. Tunamtaja Henry Kuria, ambaye Nakupenda, Lakini... yake ilichezwa na wanafunzi wa Alliance High School, Kikuyu, katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Kisha tunashuka Dar es Salaam kwa Ebrahim Hussein na Kinjeketile ya mwaka 1969, na kwa Penina Muhando na Hatia ya mwaka 1972. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba tamthilia ya Kiswahili ni kitu chenye jalada, kilichozaliwa Kenya na kukulia Tanzania. Uganda haimo katika hadithi hiyo. Kongo haimo. Makazi ya wakimbizi ndiyo hayamo kabisa.

Nasi tulifundisha hivyo kwa miaka mingi bila kuona kasoro. Kilichotusimamisha ni mchezo mfupi uliotufikia kwa simu mwaka 2020, vyuo vikiwa vimefungwa. Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye jamaa zake wanaishi katika makazi ya Nakivale, alitutumia vipande sita vya video, kila kimoja cha dakika mbili au tatu. Waigizaji walikuwa vijana wachache wa huko huko, nao walikuwa wakiwatumia watazamaji wao vipande hivyo kimoja kimoja, kila jioni kimoja. Mchezo wenyewe haukuwa na jina. Mama mmoja amefika kuandikishwa na watoto wawili, lakini kwenye orodha ameandikwa mtoto mmoja tu. Karani anasema orodha haikosei. Mama anasema maneno ambayo anayarudia katika kila kipande, mara kwa upole, mara kwa hasira, mara akilia: "Batoto bangu ni babili. Andika babili."

Tuliupenda mchezo huo, tukaamua kuutumia darasani vyuo vitakapofunguliwa. Tukaunukuu kwenye karatasi. Na kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, tulipokuwa tukinukuu tuliusahihisha. Mama yetu akasema: "Watoto wangu ni wawili. Andika wawili." Makosa yote ya upatanisho wa kisarufi yakaondoka. Karatasi ikawa safi, na mchezo ukafa.

Ilituchukua muda kutambua ni nini kilichouua. Katika mchezo ule kulikuwa na Kiswahili cha aina tatu. Mama alizungumza Kiswahili cha Kivu, chenye ba- mahali tunapoweka wa-, chenye "kuya" badala ya "kuja" na "tulikuwaka" badala ya "tulikuwa". Karani alizungumza Kiswahili sanifu, kile cha shuleni, kilichonyooka kama rula. Askari wa mlangoni alizungumza Kiswahili cha askari wa Uganda: "Wewe nakwenda wapi?" Ugomvi wote wa mchezo ulikuwa humo. Karani alimwelewa mama vizuri sana, lakini alijifanya hamwelewi, na kila mtazamaji aliliona hilo. Mama akisema kama karani, karani hana tena pa kujifichia, na sisi hatuna tena cha kutazama. Kwa kalamu nyekundu tulikuwa tumekaa upande wa karani.

Makala hii ni jaribio la kuurudisha mchezo ule mahali pake katika historia. Tunaamini haukuanguka kutoka mbinguni pamoja na simu.

Tuanze na mahali. Nakivale ipo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Hadi katikati ya miaka ya 2000 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara, na hata leo mtu wa Nakivale anayetaka hospitali kubwa, benki au duka la jumla huelekea Mbarara. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza Novemba 1959. Ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wengi wa wale wa kwanza na watoto wao walirudi Rwanda baada ya mwaka 1994, lakini nafasi zao hazikukaa wazi. Walikuja Wanyarwanda wengine, Wakongo waliokimbia vita vya mwaka 1996 na 1998 na vilivyofuata, Warundi hasa kuanzia mwaka 2015, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Si kambi ya seng'enge. Watu hupewa viwanja wakajenga na kulima, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Base Camp, Juru na Rubondo ni majina ya maeneo, lakini ukipita humo utadhani ni miji midogo inayotafuta jina la mkoa.

Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi. Mkongo anakuja nacho kutoka nyumbani. Mrundi wa Bujumbura anakijua tangu utoto, na Mrundi aliyewahi kuishi Kigoma au Ngara anakijua kwa lafudhi ya Tanzania. Msomali mwenye duka anajifunza cha kuuzia. Hakuna mwalimu aliyewakalisha pamoja.

Ukitoka hapo kwenda Mbarara, kama kilomita 60 hivi, unaingia katika mji ambao Kiswahili kina sifa nyingine. Lugha ya mji ni Runyankore. Kiswahili kimepita hapa mara nyingi, lakini mara nyingi kimepita kimevaa buti. Gavana Gowers alipotaka kukieneza katika shule za Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, upinzani mkubwa ulitoka Buganda, na Kabaka Daudi Chwa aliandika wazi mwaka 1929 kukipinga. Kikabaki lugha ya polisi na jeshi. Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin waliotoka Tanzania waliishambulia kambi ya Simba, Mbarara, wakashindwa. Mwaka uliofuata Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo lilikidhuru kuliko kukisaidia, maana watu walikisikia kwa sauti ya aliyekitangaza. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Mbarara, na majengo mengi ya mji yakabomolewa kulipiza yale yaliyofanywa Kagera. Mzee wa Mbarara anayesema kwamba Kiswahili ni lugha ya vizuizi barabarani hatukani. Anakumbuka.

Ndiyo maana katika michezo mingi ya kuigiza ya Uganda, mhusika akifungua kinywa kwa Kiswahili, hadhira inajua kabla hajamaliza sentensi kwamba huyo ni askari au jambazi. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hayo ni mambo mema na sisi tunayafurahia, tena ni riziki yetu. Lakini katiba haibadilishi mara moja kile ambacho sikio limezoea. Mama wa mchezo wetu, mwenye Kiswahili cha kubembelezea watoto na cha kuomba chumvi kwa jirani, anafanya kazi ambayo katiba haiwezi kuifanya.

Sasa twende kwenye sanaa yenyewe. Ankole haikungoja wageni kuijulisha maonyesho. Wahima walikuwa na ebyevugo, majigambo ya vita na ya ng'ombe, ambayo H. F. Morris aliyakusanya katika kitabu cha mwaka 1964, na Wanyarwanda walikuwa na ibyivugo, ambayo ni ndugu yake hata kwa jina. Mghani husimama mbele ya watu, huyatoa maneno kwa kasi bila kupumzika ndani ya ubeti, na waliokaa hushiriki kwa kumwitikia. Mkimbizi wa Rwanda aliyefika Nakivale mwaka 1960 na mwenyeji wake wa Isingiro hawakuhitaji mkalimani ili kutambua kwamba mtu aliyesimama na fimbo anasema kwa namna ile anaigiza ushujaa wake. Tunalitaja hili kwa sababu wanaoandika juu ya sanaa za wakimbizi hupenda kuanzia kwenye hema la shirika.

Mwaka 1959, ule ule wa machafuko ya Rwanda, ndipo ukumbi wa Taifa wa maonyesho ulipofunguliwa Kampala. Hapo ndipo The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipochezwa Novemba 1962. Lakini ukumbi ni wa walio mjini na wenye nauli. Mwaka 1965 walimu na wanafunzi wa Makerere, David Cook akiwa miongoni mwa waanzilishi, waliunda kundi lililokuja kujulikana kama Makerere Free Travelling Theatre. Walizunguka Uganda na kuvuka hadi Kenya, wakicheza bila kiingilio kwenye viwanja vya shule, kumbi za miji na popote walipopata nafasi, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Uganda. Kwa hiyo tamthilia ya Kiswahili iliyoandaliwa Uganda na kupelekwa kwa watu ina zaidi ya nusu karne. Haikuingia katika muhtasari wetu kwa sababu moja tu: haikuacha kitabu cha kununua.

Kulikuwa pia na redio. Wycliffe Kiyingi, mwandishi wa Luganda, alikuwa na mchezo wa mfululizo katika Radio Uganda, Wokulira, uliopendwa sana. Tukumbuke pia ni hatari gani iliyowazunguka wasanii wa jukwaani. Byron Kawadwa, aliyeongoza shughuli za ukumbi wa Taifa na ambaye mchezo wake ulipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, alichukuliwa na watu wa Amin mwaka huo huo akauawa. Watu wanaosema kwamba kuigiza ni mchezo wa watoto hawajasoma historia ya Kampala.

Hata hivyo, babu wa karibu zaidi wa mchezo wa Nakivale hakuzaliwa Uganda. Yuko Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, lililopewa jina la kisanii la kiongozi wake, lilikuwa likiigiza kwa Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga, katika redio na baadaye katika televisheni ya huko. Hawakuandika tamthilia. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakazungumza wee juu ya kila tendo, wakajaribu, wakabadilisha, na siku ya kurekodi kila mmoja akasema maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo wa Kifaransa aliousikia mezani kwa marafiki, kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Badala ya kumjibu kwa maelezo, walitunga mchezo mzima, wakauchezea kijijini nje ya mji mbele ya kamera za televisheni. Fabian aliunukuu na kuutafsiri katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990.

Tulikisoma kitabu hicho baada ya kosa letu, na tulikisoma kwa aibu. Fabian aliandika kila neno kama lilivyotamkwa. Pale palipo na ba- aliweka ba-. Pale msemaji aliporuka kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa na kurudi, naye aliruka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na Vincent de Rooij waliweka kwenye mtandao hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida wa Kongo, yanukuliwe na yeyote anayetaka. Yaani Mjerumani na Mholanzi walikitunza Kiswahili cha Lubumbashi kwa uaminifu ambao sisi, wenye Kiswahili chetu, hatukuupata kwa dakika kumi na tano za video kutoka kilomita 60.

Wapo waliofanya vizuri hata kati yetu Waafrika Mashariki. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji wakaunda maonyesho kutokana na matatizo ya kijiji chenyewe. Na huko Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda hadharani, na wanakijiji waliokuwa wakitazama wakawa wanawakosoa. Mzee hawezi kusema hivyo, walisema. Msichana hamwambii baba yake neno lile. Wasomi wawili wakasahihishwa Kikuyu chao na wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya chai, na mchezo ukawa bora. Kibali chake kilifutwa tarehe 16 Novemba 1977, baada ya wiki chache tu, na mwaka 1982 serikali ikaubomoa ukumbi wa wazi waliojijengea. Wenye kalamu nyekundu Kamirithu walikuwa ni watazamaji.

Tuseme neno kuhusu michezo ya mashirika, maana Nakivale haiwezi kuelezwa bila hiyo. Kwa miaka mingi maonyesho ya wakimbizi yamekuwa chombo cha kuhamasisha: nawa mikono, chanja mtoto, usimpige mkeo. Hatuidharau. Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulikuwa wa kuhamasisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na dereva wake wa malori, Mkwaju, aliingia katika mazungumzo ya watu kama jirani yao. Wakazi wa Dodoma hawakurushiwa hadi mwaka 1995, kwa sababu watafiti walitaka kuwalinganisha na waliousikia. Kwa hiyo yapo mahali Tanzania ambapo kukosa mchezo wa kuigiza kulihesabika kwa takwimu. Lakini mchezo wa kuhamasisha una udhaifu mmoja: jibu limeandikwa kabla ya swali. Mama wa video zetu hakuhamasisha chochote. Wala mwisho wa mchezo haukuonyesha namba ya kupiga simu. Pengine ndiyo sababu waigizaji hawakuhitaji kibali cha mfadhili, na pengine ndiyo sababu hawakuwa na taa.

Tunafika mwaka 2020. Mwezi Machi serikali ya Uganda ilifunga shule na vyuo, ikapiga marufuku mikusanyiko na kusimamisha mapokezi ya wakimbizi wapya. Shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, kipindi kirefu kuliko karibu nchi zote duniani. Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likapunguza posho ya wakimbizi nchini kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Mchezo unaohusu orodha ya majina, katika mwezi kama huo, haukuwa mafumbo kwa mtu yeyote.

Mwezi ule ule wa Aprili, National Theatre ya London ilianza kurusha kwenye mtandao rekodi za michezo yake mikubwa, mmoja kila Alhamisi, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba tamthilia imehamia mtandaoni. Kuhama huko kulikuwa kwa namna mbalimbali. London walikuwa na rekodi zilizopigwa zamani kwa kamera nyingi mbele ya ukumbi uliojaa. Nakivale walikuwa na simu moja, iliyoshikwa na dada mmoja ambaye naye alikuwa na nafasi ya kuigiza, kwa hiyo kila alipoingia yeye picha ilitikisika ikabadilika mkono. Vipande vilikuwa vifupi kwa sababu video ndefu haikutumika, na kwa sababu kila dakika ni bando la mtu. Tangu Julai 2018 Waganda walikuwa wakilipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Mtazamaji wa Nakivale alilipa kiingilio, ila hakikwenda kwa waigizaji.

Ufupi huo uliufanyia mchezo jambo ambalo hatukulitarajia. Kila kipande kililazimika kusimama penyewe, kwa hiyo kila kipande kilianza na mama kuulizwa jina na kuishia na "Andika babili." Katika jukwaa la kawaida urudiaji huo ungechosha. Kwenye simu, jioni baada ya jioni, ulifanya kazi ya kibwagizo. Wasikilizaji wa ngano wanakijua kitu hiki. Fanani wa simu alikuwa amerudi kwa fanani wa motoni bila kuambiwa na mtu.

Kilichopotea ni hadhira. Sanaa zetu hazichezwi mbele ya watu walionyamaza. Watu hucheka, humwonya mhusika, humtukana mwovu, mama mmoja husimama akamtuza mwigizaji sarafu katikati ya tendo. Kwenye simu hayo yote yalikuja yamechelewa. Mwanafunzi wetu alitupelekea baadhi ya majibu ya sauti yaliyotumwa kwa waigizaji. Mzee mmoja alimfokea karani kwa Kinyarwanda karibu dakika nzima, kama kwamba karani yumo ndani ya simu anasikiliza. Mwanamke mmoja alisema kwa Kiswahili cha Burundi kwamba mama asilie mbele ya askari, alie baadaye. Katika kipande cha tano mama hakulia. Tulipomuuliza mwanafunzi kama ni kwa sababu ya mwanamke yule, alishangaa swali: "Sasa walimu, si alikuwa ameshaambiwa?" Kamirithu ilikuwa imefanyika tena, kwa kuchelewa kwa siku moja.

Mbarara nayo ilishiriki, kidogo. Vipande vilisambazwa kwa jamaa waliokuwa mjini, na kutoka kwa jamaa vikafika kwa wapangaji wenzao wasiojua Kiswahili. Hao, tuliambiwa, walicheka kila askari alipozungumza na kunyamaza kila mama alipozungumza. Hatuwezi kujenga nadharia juu ya kicheko cha ua moja la wapangaji. Lakini tunajua historia ya kicheko hicho, na ukimya ule ndio mgeni.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa. Vijana wale hawakuendelea baada ya hapo. Sababu haikuwa moja. Mmoja alipata kazi, mwingine aliondoka na wazazi, na mtandao ulipozimwa walizoea kukaa bila kuigiza. Vikundi vya jamii hufa hivyo, havifi kwa tangazo. Jukwaa la mbao hubaki uwanjani likimkumbusha mtu kwamba palikuwa na kitu. Video hubaki ndani ya simu, na simu ni mali: huuzwa, huvunjika, hujaa ikafutwa ili kupisha picha za harusi. Wanaosema mtandao hausahau hawajawahi kuwa na simu yenye nafasi ndogo.

Nasi simu iliyopokea vipande vile iliharibika mwaka 2022. Tulikwenda kwa mwanafunzi wetu tukiwa na uhakika kwamba yeye anavyo. Hakuwa navyo. Akawauliza wenzake wa Nakivale, na wawili waliobakia huko hawakuwa navyo. Nakala pekee ya mchezo ule iliyokuwa imebaki duniani ilikuwa ni ile karatasi yetu, iliyosahihishwa, ambamo mama na karani wanazungumza lugha moja.

Tulimwomba mwanafunzi, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho na anafanya vizuri sana katika sarufi, atuandikie upya kadiri anavyokumbuka, kama ulivyochezwa. Alikaa na daftari wiki mbili. Alipolileta tulilifungua kwenye ukurasa wa kwanza na kukuta, kwa mwandiko wake mzuri: "Watoto wangu ni wawili." Tulimuuliza kwa nini. Akasema alijua anawaandikia nani. Tukamwomba basi asome kwa sauti kile alichokiandika, huku mmoja wetu akinukuu pembeni. Akaanza kusoma, akitazama maneno yake mwenyewe kwenye daftari, na kilichotoka kinywani kilikuwa ni "Batoto bangu ni babili. Andika babili."

Tumenukuu vipande vitano kwa njia hiyo. Karatasi zimo katika kabati la idara, zimebanwa pamoja na ile nakala ya kwanza yenye wino mwekundu, kwa yeyote anayetaka kuzilinganisha. Kipande cha sita, ambamo tunakumbuka kwamba karani anashika kalamu, hakuna aliyeweza kutuambia kama aliandika.